KUHAMA NCHI MOJA KWA MOJA: NI MILANGO GANI ILIYO WAZI KWA MFANYA KAZI?

(Mazungumzo yaliyosomwa mbele ya wanachama, Kizingo, Mombasa)



Katibu aliponiambia nije kuzungumza juu ya kuhama nchi, nilimjibu kwamba mimi si wakili wala si karani wa Uhamiaji. Mimi ni fundi wa mabehewa, na masomo yangu ni ya shule ya misheni hadi darasa la nane, basi. Akasema, "Ndiyo maana twakutaka wewe. Wewe ulikwisha jaribu." Ni kweli nilijaribu, na sitawaficha yaliyonipata. Lakini kwanza yafaa niseme kwa nini Chama kimeona jambo hili lizungumzwe hadharani, badala ya kuachwa kwa minong'ono ya kwenye chai.

Haupiti mwezi sasa bila mwenzetu kufika ofisini kuomba barua ya kuthibitisha kazi yake, na ukimwuliza ni ya nini, atakwambia ni ya kwenda nje. Tangu mwaka 2017, treni ya abiria ya reli yetu ya zamani iliposimama na ile ya Madaraka ikaanza kutoka Miritini, wengi wanaona kwamba mtoto wa mtu wa reli hatapata maisha ya reli aliyopata babu yake. Jioni ukipita hapo chini kwenye mibuyu, karibu na mnara wa taa, utawaona vijana wamekaa na muhogo wao wa kukaanga, meli zinatoka Kilindini, na mazungumzo yao ni yale yale: nani amepata Kanada, nani yuko Doha, nani ameitwa Ujerumani.

Sikuja kumkataza mtu. Reli hii yenyewe ilijengwa na watu waliotoka kwao. Ilipoanzwa hapa Mombasa mwaka 1896 hata ikafika Kisumu mwaka 1901, waliletwa wafanya kazi karibu 32,000 kutoka Bara Hindi. Waliokufa kwa maradhi na ajali, na wale walioliwa na simba wa Tsavo, walipata kama 2,500. Mikataba ilipokwisha, walio wengi walirudi kwao, na wapatao 6,700 wakachagua kubaki. Hesabu hiyo naomba mwitazame vizuri, maana katika watu watano waliovuka bahari kwa kazi, ni mmoja tu na kidogo aliyehama. Wengine walikwenda kazini wakarudi.

Basi hilo ndilo jambo la kwanza. Kwenda kazi na kuhama ni mambo mawili mbali mbali. Aliyekwenda kazi ana mkataba, na mkataba una mwisho wake. Aliyehama ni yule ambaye sheria ya nchi ile inampa haki ya kukaa hata kazi ikiisha, hata akizeeka, hata akiugua, na watoto wake vile vile. Wakala akija na karatasi zake nzuri, mwulize swali moja tu: "Siku nitakapofukuzwa kazi huko, mimi nitakuwa nani katika nchi hiyo?" Akianza kuzunguka, umekwisha jibiwa.

Nianze na Uarabuni, kwa kuwa ndiko wanakokwenda wengi wa pwani. Hapa Mji wa Kale kuna nyumba chache zisizo na jamaa Maskati au Dubai, na baadhi ya jamaa hao wamekuwa raia kabisa, khasa wale wa asili ya Oman waliopokewa baada ya Sultani Qaboos kushika nchi mwaka 1970. Lakini hao walipita kwa mlango wa nasaba. Wewe na mimi, watoto wa Mwembe Tayari na Changamwe, hatuna mlango huo. Tutaingia kwa mkataba na tutatoka kwa mkataba.

Katika Saudia mfanya kazi hufungamana na mwajiri wake aliyemwita. Yalipofanywa mageuzi Machi 2021, wafanya kazi wengi wa makampuni waliruhusiwa kubadili mwajiri baada ya muda fulani, lakini watumishi wa nyumbani, madereva wa nyumba na watu wa mashamba hawakuingizwa, na hao ndio dada zetu na wadogo zetu. Mtu akikwambia Saudia kuna ruhusa ya kukaa milele, hakudanganyi. Iko. Waliitoa mwaka 2019, na ada yake ilikuwa riyali 800,000. Fanya hesabu kwa shilingi zetu. Ni zaidi ya milioni 27. Mwenye fedha hizo hafanyi kazi ya reli. Qatar nayo ilitunga sheria mwaka 2018 ya kuwapa wageni ukaazi wa kudumu, lakini idadi iliwekwa watu 100 kwa mwaka.

Kwa hiyo anayetaka kwenda Uarabuni na aende akijua anakwenda kutafuta fedha za kurudi nazo. Aende kwa wakala ambaye jina lake limo katika orodha ya Mamlaka ya Taifa ya Ajira, ile iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, na mkataba ausome yeye mwenyewe, au asomewe na mtu asiyelipwa na wakala. Nakala moja aiache kwa mkewe au mamake. Mengine ya Uarabuni mnayajua kuliko mimi.

Sasa nije kwangu mwenyewe.

Miaka michache iliyopita nilishikwa na homa ya Kanada. Nilisikia kwamba Kanada inataka mafundi, na kwamba anayeingia huingia na familia na anapewa ukaazi wa kudumu siku ile ile anayofika. Hilo la pili ni kweli, ndiyo sababu homa yake ni kali. Nikapelekwa kwa wakala hapa mjini, ofisi iko ghorofani, ina kiyoyozi na bendera. Nililipa shilingi 150,000 kwa mafungu matatu: ada ya faili, ada ya tafsiri, na ada waliyoiita ya ubalozi. Tafsiri ya nini sijui, maana karatasi zangu zote zilikuwa za Kiingereza. Niliambiwa hata mtihani wa lugha "utapangwa". Hapo ningalishtuka, lakini mtu mwenye homa hashtuki. Mwezi wa nne nilikuta mlango umefungwa, na mlinzi akaniambia mimi ni mtu wa tisa kuja asubuhi ile. Nilipiga ripoti polisi. Fedha sijaziona mpaka leo. Mke wangu hakunigombeza, na hilo liliniuma zaidi.

Baadaye binti ya dada yangu, yuko sekondari, alinikalisha chini akafungua kwenye simu maandishi ya Serikali ya Kanada yenyewe, ambayo kusoma ni bure. Ndipo nikajua nilichokuwa nanunua.

Tangu Januari 2015 Kanada inawachagua watu kwa alama. Umri una alama, masomo yana alama, lugha ina alama, kazi ina alama. Mtu asiyefuatana na mke, aliye kati ya miaka 20 na 29, anapata alama 110 za umri. Akifika miaka 35 zimebaki 77. Miaka 40 ni 50. Miaka 45 ni sifuri. Na masomo yaliyo chini ya kumaliza sekondari ni sifuri. Nilipoona sifuri hiyo mbele ya darasa langu la nane, nilinyamaza, na mtoto yule akaona aibu kwa niaba yangu.

Hata hivyo uko mlango wa pili katika nyumba hiyo hiyo, wa mafundi, na huo hauulizi cheti cha shule. Unataka uwe umefanya ufundi wako miaka miwili katika mitano iliyopita. Ufaulu mtihani wa lugha, ambao kiwango chake kwa mafundi si cha juu sana. Kisha uwe na ahadi ya kazi ya mwaka mzima kutoka kwa mwajiri wa huko, au cheti cha ufundi kilichotolewa na jimbo la Kanada. Kazi za umeme, kuchomelea vyuma, mitambo mizito, hata hii yangu ya mabehewa, zimo. Lakini kutimiza masharti si kuitwa. Wanaoitwa ni wenye alama za juu siku hiyo. Na asiye na ahadi ya kazi huko huonyesha akiba yake: kwa kipimo cha mwaka 2025, mtu mmoja zaidi ya dola 15,000 za Kanada, na familia ya watu wanne zaidi ya 28,000. Hizo za familia ni zaidi ya shilingi milioni mbili na nusu. Wala hazilipwi kwa mtu; ni zako, zikae benki zionekane. Kwa hiyo wakala anayekwambia umpe yeye hizo fedha "azionyeshe" ni mwizi, sina neno jingine.

Kijana wa miaka 24 aliye hapa, mwenye kidato cha nne na cheti cha ufundi, mlango huu si wa kuchekwa. Aanze na Kiingereza. Na mtihani ule wa lugha hudumu miaka miwili tu, basi asiufanye kabla karatasi nyingine hazijawa tayari. Mimi wa umri wangu nimekwisha piga hesabu yangu nikaifunga.

Marekani nitaipita upesi. Ile bahati nasibu ya viza, iliyotokana na sheria ya mwaka 1990, ilikuwa ikigawa hadi viza 55,000 kwa mwaka kwa dunia nzima, na Wakenya wengi waliipata. Sharti lake lilikuwa kumaliza miaka 12 ya shule, au kuwa na kazi ya namna inayohitaji mafunzo marefu, na kazi zetu nyingi za mikono hazikuhesabiwa. Desemba 2025 serikali ya huko ilitangaza kuisimamisha. Basi ukiona mtu mjini anajazia watu fomu za bahati nasibu kwa fedha, kwanza mwulize amepata wapi khabari kwamba imefunguliwa.

Ujerumani ndiyo inayovuma sasa. Tarehe 13 Septemba 2024 Kenya na Ujerumani zilitia sahihi mapatano Berlin. Siku ile ile ikatangazwa kwamba Wakenya 250,000 watapewa kazi, na mji mzima ukaamka. Haikuchukua muda Wizara ya Mambo ya Ndani ya Ujerumani ikakanusha: mapatano hayana idadi yoyote ndani yake. Tena yana upande wa pili ambao mawakala hawautaji, yaani utaratibu wa kuwarudisha Wakenya walioko huko bila ruhusa. Lakini sitaki kuivunja moyo njia hii, kwa kuwa kwa fundi kijana naiona ndiyo ya haki kupita nyingine. Sheria yao inamthamini mtu aliyesomea ufundi wa miaka miwili na zaidi akapewa cheti kinachotambuliwa kwao, na mwenye ufundi aliyefanya kazi miaka mitatu huko, akajua Kijerumani cha wastani na kulipa michango yake ya uzeeni, aweza kuomba ukaazi wa kudumu. Shida ni Kijerumani. Lugha ile haipatikani kwa wiki sita, asikudanganye mtu. Na wengi katika sisi tulijifunza ufundi kwa kushika spana nyuma ya mzee fulani, cheti hatuna. Hapa Serikali yetu ina utaratibu wa kumtahini fundi asiye na cheti na kumwandikia ujuzi wake. Chama kinafaa kidai utaratibu huo ufike karakana zote, maana hata kwa asiyehama, karatasi ile ni nyongeza ya mshahara.

Sasa, ndugu, nataka kuzungumza kwa kirefu juu ya jirani zetu, kwa sababu hapo ndipo watu huona hakuna haja ya kuuliza. Utasikia, "Tanzania ni nyumbani, Uganda ni nyumbani, Kiswahili ni kimoja." Wazee wa reli waliokaa mbele hapa wataniunga mkono kwamba zamani ilikuwa hivyo kweli. Reli ilikuwa moja. Mtu aliajiriwa Mombasa, akahamishiwa Tabora, akaoa Kigoma, akastaafia Jinja. Hakuna aliyemwuliza kwao ni wapi ila kwa utani.

Kisha likaja jambo la mwaka 1970. Serikali ya Uganda wakati wa Obote iliamuru wafanya kazi wasio raia waondoke, na Wakenya wapatao 30,000 wakarudi, wengi wakiwa na miaka mingi huko, wengine wakiwa wamezaliwa huko. Walikuwa na kazi, walikuwa na nyumba, walikuwa na makaburi ya wazee wao huko. Hawakuwa na karatasi ya uraia. Miaka saba baadaye, mwaka 1977, Jumuiya ikavunjika na reli ikakatwa vipande vitatu, kila nchi na chake. Mwezi wa Februari mwaka ule Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, na haukufunguliwa tena hadi Novemba 1983. Aliyekuwa na mke upande huu na watoto upande ule alikaa hivyo karibu miaka saba.

Wala msidhani ni Waafrika peke yao. Baada ya uhuru, wasiokuwa raia waliopewa nafasi ya kuomba uraia wa Kenya walipewa miaka miwili, hadi tarehe 12 Desemba 1965. Wahindi wengi, na makarani wa reli wakiwemo, hawakuomba, wakategemea pasipoti zao za Kiingereza. Mwaka 1968 Bunge la Uingereza likapitisha sheria kwa siku tatu, na pasipoti ile ile ikakoma kuwafungulia mlango. Kwa hiyo hata karatasi yafaa isomwe inasema nini, isiwe tu kwamba ina muhuri.

Leo Jumuiya imerudi, na soko la pamoja lilianza kutumika tarehe 1 Julai 2010. Linasema mfanya kazi wa nchi moja aweza kutafuta kazi katika nchi nyingine. Hilo ni zuri. Lakini juu ya ukaazi wa kudumu mkataba wenyewe unasema kila nchi itafuata sheria zake. Kwa Uganda na Rwanda tuna nafuu: tangu mwaka 2014 waweza kuvuka na kitambulisho tu, na ada ya kibali cha kazi imeondolewa baina ya nchi zetu tatu. Ada ndiyo iliyoondolewa. Kibali hakikuondolewa, na wengi hushikwa hapo. Aliyekaa Uganda kwa halali miaka kumi aweza kuomba kuandikishwa raia, na Uganda inaruhusu uraia wa nchi mbili.

Tanzania ndiko wenzetu wengi wanakokutazama, khasa tangu treni yao ya umeme ilipoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024. Nimeulizwa mara nyingi, "Kwa nini tusiende kuomba huko? Ufundi tunao." Omba. Lakini mwajiri wa huko lazima aombe kibali na aonyeshe kwamba Mtanzania wa kazi hiyo hakupatikana. Ukipoteza kazi ukafikiri utafungua kibanda, kumbuka kwamba mwezi wa Julai 2025 serikali ya huko ilitoa amri ya kuwazuia wageni kufanya aina 15 za biashara ndogo, zikiwemo kutuma fedha kwa simu, kutengeneza simu, na saluni. Wakenya walilalamika sana, lakini amri ni amri. Na uraia wa Tanzania wahitaji uwe umekaa miaka saba katika kumi, kisha miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, ujue Kiswahili au Kiingereza, uwe na mwenendo mwema, na mwisho uukane uraia wako wa Kenya, kwani sheria yao hairuhusu mtu mzima kuwa na miwili.

Kwetu sisi Katiba ya mwaka 2010 inasema raia wa kuzaliwa hapotezi uraia kwa kupata wa nchi nyingine, na aliyewahi kuupoteza aweza kuomba arudishiwe. Kwa hiyo anayekwenda Kanada haachi Kenya. Anayekuwa Mtanzania anaiacha. Fikirini hilo kabla ya kuuza shamba.

Na kama mwaona mimi nazidisha habari ya karatasi, tazameni hapa hapa pwani. Wamakonde walikuja kutoka Msumbiji kufanya kazi kwenye katani na miwa ya Kwale na Taita. Walikuwa wafanya kazi kama sisi. Walioana, wakazaa, wajukuu wakazaliwa, wakachonga vinyago tunavyouza kwa watalii. Lakini hawakuwa na kipande. Asiye na kipande hafungui benki, hasajili simu, haajiriwi kwa halali, hapigi kura. Oktoba 2016 walitoka Kwale kwa miguu, mamia ya watu, wazee na akina mama, wakaelekea Nairobi kwenda kumwona Rais. Ndipo ikaamriwa waandikishwe, wakahesabiwa kabila la 43. Wapemba nao, wavuvi walioingia kwa dau miaka mingi iliyopita, na wengine baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya mwaka 1964, walingoja hadi Januari 2023 kutambuliwa kuwa raia, na Julai mwaka ule wakaanza kupewa vitambulisho kule Kilifi. Mimi nina rafiki katika hao. Baba yake alizikwa Kenya na babu yake alizikwa Kenya, na yeye alipata kitambulisho cha kwanza nywele zimeingia mvi. Aliniambia kilichomwuma si polisi. Ni siku mwanawe alipofaulu mtihani akaulizwa cheti cha kuzaliwa.

Kwa hiyo, wewe unayetaka kuhamia Arusha au Kampala kwa kuwa ni karibu, usifikiri juu ya mwaka huu na ujao tu. Fikiri juu ya mjukuu wako atakapokuwa na miaka 18 huko na kuambiwa, "Wewe si wa hapa," kisha aje Mombasa aambiwe vile vile.

Nina jambo moja zaidi, nalo halipendezi, lakini Mwenyekiti amenipa ruhusa nilitaje.

Kuna mwenzetu, jina silitaji, aliyeondoka kwenda nje akiwa na deni la chama chetu cha akiba na mikopo, shilingi 300,000. Tulikuwa wadhamini wanne. Hakuaga. Tulijua amekwenda tulipoona makato kwenye hati zetu za mshahara. Mimi nilikatwa miezi 14. Mmoja katika sisi wanne alikuwa amepanga kumpeleka mtoto sekondari mwaka ule, na mtoto akakaa nyumbani muhula mzima. Nilipompata mwenzetu kwa simu alilia. Alisema huko alikokwenda alinyang'anywa pasipoti siku ya kwanza na mshahara ulikuwa nusu ya ule ulioandikwa. Namwamini. Siku hizi hutuma kidogo kidogo, elfu mbili, elfu tatu, na tunagawana. Simchukii. Lakini ile shilingi 300,000 ilikuwa ndiyo nauli yake na ada ya wakala. Yaani wakala alilipwa na sisi wanne tusiomjua.

Napendekeza kwenu, na azimio liko mezani kwa Katibu, kwamba mwanachama anayetaka kuondoka nchini awaarifu wadhamini wake kwanza, wakae naye, waandikiane namna ya kulipa. Asiadhibiwe kwa kusema. Watu hukimbia kimya kimya kwa kuwa wanaogopa kwamba wakisema watazuiwa. Tukiwahakikishia hawatazuiwa, watasema. Najua wako wasiokubaliana nami, nimekwisha sikia wakisema nafungua mlango wa watu kutoroka. Walisema hapa mbele ya wote tuwasikie.

Kadhalika juu ya NSSF. Wengi hawajui kwamba liko fao kwa mwanachama anayehama Kenya moja kwa moja bila nia ya kurudi kukaa. Usiwape mawakala haki hiyo. Wako wanaoshawishi watu walidai ili wapate ada yao. Ni akiba yako ya uzeeni, na ukiitoa ikaliwa na wakala, hukuhama wala hukubaki na kitu. Anayekwenda kwa mkataba wa miaka miwili asiiguse kabisa, kwani yeye hakuhama.

Mtaniuliza, "Na wewe je, umekata shauri gani?" Nimebaki. Si kwa kuwa ni shujaa. Mmesikia hesabu za alama zangu. Lakini binti ya dada yangu, yule aliyenisomea, anataka kusomea uuguzi kisha ajifunze Kijerumani, na nimemwambia nitamsaidia kwa kile ambacho ningalimpa wakala. Yeye ana miaka 17, na karatasi zake zote ziko safi ndani ya bahasha. Tumeanza na cheti cha kuzaliwa, maana kilikuwa kimeandikwa jina kwa makosa, herufi moja tu, na kulirekebisha kulichukua miezi mitano.

Basi kabla hatujaingia kwenye maswali: nimeweka daftari hapo mezani. Kila mwenye mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa, aandike jina lake na la mtoto, awe anafikiria kuhama au hafikirii, na Jumanne ijayo Katibu atawapeleka ofisini kwa pamoja. Wenzetu wa Likoni waanze kuandika wao, wapate kuwahi feri.